Mtunza Ghala Aliyewalisha Kindi kwa Kuwanyima

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza ghala wa kituo chetu cha utafiti wa misitu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wote tunamjua kwa jina la Mzee Akiba. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila amelitunza kama alivyotunza vingine vyote, na ni wachache waliowahi kuliona.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Waliosoma sana walisema hawana muda, na wenye muda walisema hawana maneno. Nikabaki mimi wa usafi na chai, ambaye nimekaa naye ghalani kuliko wote. Nitaeleza kwa upendo, na pale upendo usipofika nitaeleza tu ilivyokuwa. Maana mwaka jana kituo hiki kilibaki kidogo kifungwe, sote twende nyumbani tukaangaliane. Aliyetufikisha pale ukingoni ni Mzee Akiba, na aliyeturudisha ni yeye huyohuyo.

Aliingia kituoni akiwa kijana wa kubeba miche. Wanasema alikuwa na mabega mapana na hakuwahi kuangusha hata kiriba kimoja cha mche. Siku moja mkuu wa kituo wa wakati ule alimkuta amechuchumaa nyuma ya jengo, anaokota misumari iliyopinda na kuinyoosha kwa jiwe. Mkuu akasema, huyu ndiye. Akapewa ghala. Tangu siku hiyo ghala letu likawa na sifa mbili zinazojulikana mpaka makao makuu: hakuna kilichopotea, na hakuna kilichotoka.

Utaratibu wake haukuwa mgumu. Anayetaka fagio jipya alete la zamani, na Mzee Akiba akilikagua atakuta bado lina njiti za kutosha. Anayetaka balbu alete iliyoungua, na Mzee ataitikisa sikioni kwanza, asije akadanganywa. Mlinzi wa msitu aliyejikata na panga alitakiwa aonyeshe kidole kabla ya kupewa bandeji. Damu ilikuwa imeanza kukatika yenyewe pale wanapobishana, Mzee akamwambia, "Unaona? Mwili una akili," akafunga kabati. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande vyembamba kiasi kwamba ukikiinua kimoja kwenye mwanga unaona dirisha upande wa pili.

Makoti ya mvua ndiyo hadithi inayopendwa zaidi hapa. Yaliletwa mapya, kila mfanyakazi koti lake. Mzee Akiba aliyagawa kiangazi, akayakusanya mawingu yalipoanza kujikusanya. Walinzi walipokuja wamelowa chapachapa kulalamika, aliwajibu kwa upole kabisa kwamba makoti mazuri namna ile mvua ingeyaharibu.

Hakuwa na upendeleo, hilo tumpe. Mkuu wa kituo wa sasa, mama mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, aliomba kiti cha ofisini, chake kilipovunjika mguu. Akajibiwa, "Kiti kipo, mama, lakini ukikikalia kitaanza kuchakaa." Alikalia kiti cha miguu mitatu na tofali moja mpaka akakizoea.

"Akiba haiozi," ndiyo ilikuwa methali yake, asubuhi na jioni. Wenye ndimi kali walisema aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuingia ghalani kwetu, ambako gundi iligeuka jiwe na glavu za mpira zilishikana zikawa mkono mmoja wenye vidole visivyohesabika. Mkewe tu ndiye hakuwa akicheka. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunachambua mboga, kwamba mumewe alikulia nyumba ambayo sufuria ilikuwa ikikaa safi siku nyingi mfululizo. "Mtu wa namna hiyo, mwanangu, akiona kitu kinatoka mlangoni anaona kama hakitarudi."

Basi kindi wakaja. Kindi wenyewe walikuwepo msituni tangu zamani, ila walikuja kwa maana ya kazi. Aliletwa mtafiti, dada mmoja mchangamfu ambaye kutwa nzima alikuwa na darubini shingoni. Tulimpa jina la Mama Mikia, kwa sababu anawahesabu kindi kwa mikia. Anasema vichwa vinajificha lakini mkia hausemi uongo. Ndiye aliyetufundisha sisi wote, hata mimi niliyeishia darasa la saba, kwamba kindi ni mwekaji akiba mkubwa kuliko tunavyodhani. Akipata kokwa kumi anakula mbili, nyingine anazificha kwenye pango la mti, chini ya majani, ardhini. Halafu nyingi anazisahau. Panya wanazikuta, wanashiba, wanazaa. Bundi anawala panya na kulea makinda yake. Ndege wanafukuafukua zilizobaki. Zilizosahaulika kabisa zinaota zikawa miti. Na kindi akifa au akihama, atakayerithi lile pango lenye chakula atazaa mapema, na watoto wake watafungua macho wakati watoto wa wenzake hata hawajatungwa mimba. Kwa hiyo mchoyo mmoja wa msituni analisha kijiji kizima, na hana habari.

Mama Mikia alitaka kulijua hilo kwa uhakika. Akaugawa msitu: upande wa mto kindi waongezewe chakula, upande wa barabara waachwe wajitafutie. Zikaagizwa karanga na alizeti, magunia kwa magunia. Na kwa taratibu za kituo, kila kinachoingia kinapitia wapi? Ghalani.

Mzee Akiba aliyapokea magunia kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mkwe. Akasema mali ya ghala haiwezi kuzagaa mikononi mwa watu, ataisambaza mwenyewe. Kila Jumatatu alitoka na ndoo iliyofunikwa, akapita upande wa mto, mti hadi mti, kwenye visahani vya mbao vilivyofungwa kwenye mashina. Kesho yake Mama Mikia akipita anakuta visahani vitupu. Alifurahi mno. "Wanakula," alituambia kwenye chai, "wanakula mpaka wanaramba sahani." Akaagiza magunia mengine.

Kwenye kila kisahani Mzee alikuwa ameweka kiganja kimoja tu cha karanga. Kindi wa kwanza akila, wa pili anakuta harufu.

Hivyo ndivyo kituo chetu kilivyopata umaarufu. Baada ya miaka kadhaa ya kuhesabu mikia, Mama Mikia alipanda ndege akaenda kuwaeleza wataalamu wenzake kwamba kindi aliyeongezewa chakula hazai zaidi wala haishi zaidi kuliko mwenzake. Mtu mmoja mkutanoni alimuuliza, sasa hicho chakula chote kinakwenda wapi? Alijibu kwamba kindi wanatumia nguvu nyingi sana kuruka. Watu wakaandika. Alirudi na mfuko mzuri wa kitambaa wenye nembo ya mkutano, na Mzee Akiba akauomba ili auhifadhi.

Wakati huo huko ghalani mambo yalikuwa mengine. Pembeni ya paa palikuwa na upenyo, bati limeinuka kidogo. Kindi jike alipaona mapema kuliko fundi yeyote. Akaingia, akatoboa gunia, akahamishia karanga juu kwenye kenchi ya paa, nyingine chini ya vigae vya jiko, nyingine kwenye vyungu vya maua vya mkuu wa kituo. Panya wakafuata. Bundi akafuata panya, akatotoa ndani ya ndoo kuukuu iliyoning'inia. Ndege wadogo wakaja kuokota mabaki. Mitego ya panya ilikuwepo, mipya, kwenye boksi lake. Mzee alisema ikitegwa mara moja tu springi zinalegea.

Niseme na hili, ingawa si la kazi. Nilipojifungua, mkuu wa kituo alikataza mtoto kukaa jikoni karibu na moto, na alikuwa na haki. Sikuwa na wa kumwachia. Nilikuwa najiandaa kuaga kazi. Mzee Akiba aliniita dirishani pake, akaniuliza mbona macho mekundu, nikamweleza. Akaingia ndani. Nikasikia vitu vinasogezwa, vitu ambavyo havikuwahi kusogezwa. Aliporudi, pale katikati ya magunia palikuwa na nafasi, na juu yake blanketi jipya, nailoni yake imechanwa. Hakuniuliza blanketi la zamani liko wapi. Mkewe alipopata habari alishika kiuno: "Blanketi la ghalani? Mimi mkewe hata kulinusa sijawahi." Mzee alimpa binti yangu jina la Mzigo. Kila asubuhi Mzee alikuwa anachungulia: "Mzigo wa leo umefika?" Anampokea, na jioni alikuwa mzito kumtoa kama alivyokuwa mzito kutoa kingine chochote. Mwanangu alijifunza kutambaa akimfuata kindi.

Kisha ukaja mwaka ambao miti haikuzaa. Mvua zilikosea njia, maua yakapukutika, kokwa hakuna. Upande wa mto na upande wa barabara, kote kindi walikonda mpaka mkia ukawa kamba. Sokoni karanga hazikuwepo, maana jua lililochoma msitu lilichoma na mashamba. Mama Mikia alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi na idadi ndogo. Wafadhili wakatuma watu wawili wenye viatu safi. Walikaa, wakanywa chai yangu, wakasema bila ukali wowote: kama kindi wanaolishwa wanakufa sawasawa na wasiolishwa, hapa hakuna cha kuchunguza. Tutarudi baada ya msimu wa kuzaa. Tukikuta hali ni hiihii, kituo kifungwe.

Mpishi alianza kuulizia kazi hotelini. Walinzi wakaacha kutaniana. Mimi nilimtazama mwanangu pale kwenye blanketi lake, nikawaza nitampeleka wapi, nikajikuta nafuta meza ileile mara mbili.

Lakini kitu kimoja kilikuwa hakimwingii Mama Mikia akilini. Msitu mzima kindi hawazai, ila hapa kwenye majengo yetu wamejaa, wanene, na watoto wao wanakimbizana juu ya bati. Mama Mikia alianza kufikiri kwamba kindi wanapenda kelele za watu. Alikuwa ameshapendekeza tuwawekee redio msituni. Mimi magunia ya ghalani nilikuwa nayaona kila siku, lakini nilidhani ni ya Jumatatu zijazo.

Asubuhi moja tulikuwa tumekaa nje na chai. Kindi jike akashuka kwenye ukuta, akasimama hatua chache kutoka kwa Mama Mikia, mdomoni ana karanga. Karanga kabisa, na ganda lake. Mama Mikia akakitua kikombe polepole.

"Huku kuna shamba la karanga?" akauliza.

"Hakuna," mpishi akajibu.

Kindi akapanda ukutani, akapita juu ya bati, akaingia kwenye upenyo wa ghala. Mama Mikia akainuka.

Mimi nikamtangulia ghalani kumnyonyesha mtoto, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona na kuyasikia yote. Mama Mikia alisimama mlangoni, macho yakapanda na magunia hadi kwenye kenchi, yakashuka.

"Mzee, haya si ya kindi wangu?"

"Ni ya kindi wako," Mzee Akiba akajibu. "Ndiyo maana sijayagusa."

"Sasa miaka yote hii kule visahanini ulikuwa unaweka nini?"

"Si naweka? Kidogo kidogo. Ningemaliza yote mwaka wa kwanza, leo ungekuwa na nini?"

Mama Mikia alikaa juu ya gunia. Nilidhani atapiga kelele, na angepiga ningemuunga mkono. Alisema tu, taratibu, "Ulikuwa unatunzia nini, baba yangu?"

"Mwaka mbaya."

"Mwaka mbaya ndio huu."

Mzee akatazama dirishani. Akaangalia miti iliyokauka, akaangalia magunia. "Huu?" akasema. "Na ukija mbaya kuliko huu?"

Juu kwenye kenchi vilisikika vikucha. Mzee akainua kidole. "Halafu mkiyatoa yote, wa humu watakula nini? Yule jike ana watoto wanne, mmoja mguu wake mbovu. Na bundi anawategemea panya." Nikaelewa kwa nini mitego ilibaki kwenye boksi. Mama Mikia naye alikuwa ameinua shingo, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu mikia.

Mzee aliomba apewe usiku mmoja alale na jambo hilo. Mkuu wa kituo alitaka kuvunja mlango. Mama Mikia akasema mwacheni, mama, akitoa mwenyewe atatoa vizuri. Asubuhi yake Mzee alikuja na mkewe. Macho yake yalionyesha hakulala. Alisimama mbele ya mlango mkubwa wa ghala, ule wa kupitishia magunia, ufunguo mkononi, akasimama tu. Tulikuwa tumejipanga wote, hata mpishi na mwiko wake. Mkewe akamsogelea, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemkumbusha kuzima taa: "Mzee, sisi sasa tunakula kila siku. Toa."

Akafungua. Gunia la kwanza alilibeba mwenyewe, kwa mabega yaleyale, hakutaka kusaidiwa. Upande wa mto alilitua chini ya mti kama anayemlaza mtoto, akachota kwa bakuli, akamimina kisahani kikajaa hadi karanga zikadondoka pembeni. Mlinzi mmoja akainama kuziokota ili zisipotee. Mzee akamzuia: "Ziache. Kuna panya." Yule mlinzi mpaka leo anasimulia kama muujiza. Mwaka mzima magunia yalitoka, na mengine yakabaki kwa ajili ya wa kwenye kenchi, kwa makubaliano.

Watu wa viatu safi waliporudi, upande wa barabara ulikuwa kimya. Upande wa mto walipita wakiangalia juu. Watoto wa kindi walikuwa wanachungulia mapangoni, panya wanavuka njia bila adabu, bundi wawili wamekaa tawi moja, na viota vya ndege karibu na kila kisahani. Viatu vyao viliingia matope na hawakujali. Kituo hakikufungwa.

Lazima niwapongeze viongozi wetu kwa namna walivyoeleza jambo hili. Kuhusu yale matokeo ya kwanza aliyoyapeleka mkutanoni, Mama Mikia alisema ilikuwa miaka ya maandalizi. Mkuu wa kituo aliwaeleza wageni kuhusu mpango wake wa muda mrefu wa akiba ya dharura, nao wakamsifu kwa kuona mbali, naye akapokea sifa akiwa amekaa kwenye kiti chake cha tofali. Mzee Akiba alikuwepo kikaoni. Aliuliza kama chupa za maji za wageni zikiisha anaweza kuzichukua.

Nilimuuliza baadaye kama hakuumia. Akasema, "Binti yangu, kindi mwenyewe anashukuriwa na nani?"

Mwaka huu Mama Mikia ameona jambo jipya. Yule jike wa kwenye kenchi, baada ya kulea, hakuwafukuza watoto. Aliondoka yeye. Alimwachia binti yake mwenye mguu mbovu kenchi nzima na karanga zake, akaenda kuanza upya kwenye mti mtupu ng'ambo ya uwanja. Mama Mikia anasema akina mama wa kindi hufanya hivyo wakati mwingine, na wataalamu bado wanajiuliza kwa nini. Mimi sikuona kigumu hapo.

Jumatatu Mzee Akiba alinikabidhi ufunguo wa ghala, kwa maana ndiye aliyeniombea nafasi kwa mkuu wa kituo. Nilipomwambia sina elimu ya kutosha, alisema kazi yenyewe ni maneno mawili, na yeye alikuwa amelijua moja tu. Mkono wake ulikaa juu ya ufunguo muda mrefu kidogo. Mlinzi wa kwanza alipokuja kuomba glavu nikampa, tena jozi mbili, Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anatabasamu, ingawa kwa taabu.

Sasa kuhusu zawadi. Tumechanga tukamnunulia viatu vya ngozi, vizuri sana, na tumekaa kikao kirefu tukijadili namna ya kumpa. Tunamjua. Tumekubaliana boksi lichomwe kabla hajaliona. Atavishwa viatu hivyo mbele ya wageni wote, mkewe atamfunga kamba, kisha tutamsindikiza kwa miguu hadi kwake kwa njia ya mtoni, ambako juzi mvua imenyesha, ili akifika viwe vimeshakuwa viatu vya mtu.

Mzee wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya Mzigo, ambaye sasa anakimbia, tunakushukuru kwa ulivyotunza, na zaidi kwa siku uliyotoa. Nenda salama, ukae na mama nyumbani, uvae vipya, ule vya leo leo. Tunakuombea miaka mingi, na tafadhali usiiweke, uitumie yote.